Mabano Haya ni ya Nani? Uhakiki wa Maelezo ya Safu katika Lugha ya Java

Katika makala haya mafupi twakusudia kuhakiki namna sintaksia ya safu inavyoelezwa katika kitabu rasmi cha lugha ya Java, The Java Language Specification, ambacho James Gosling, Bill Joy na Guy Steele walikitoa mwaka 1996. Safu ni mfuatano wa thamani za aina moja, kila moja ikitambulishwa kwa nambari ya nafasi yake. Mwanaisimu aweza kuuliza: jambo hilo latuhusu nini? Latuhusu, kwa kuwa kueleza sintaksia ni kuandika sarufi, nayo sarufi hupimwa kwa jinsi inavyomwongoza anayejifunza.

Sura ya 10 ina sifa zake. Yabainisha kwamba safu ni kitu kamili, na kwamba kutangaza kigeu si kuunda safu. Tamko "int[] alama;" huandaa jina tu; usemi "new int[5]" ndio uundao safu ya nafasi 5, kuanzia 0 hadi 4. Hapo hatuna la kulaumu.

Kasoro ipo kwenye mahali pa mabano ya mraba. Kitabu chayaruhusu yafuate aina, au jina la kigeu, au vyote viwili. Tuchukue matamko mawili:

int[] alama, jumla;
int alama[], jumla;

Katika la kwanza, alama na jumla zote ni safu. Katika la pili, alama peke yake ni safu; jumla ni nambari moja tu. Mabano yamesogea hatua chache, na jirani amebadilika aina. Mwanafunzi anayedhani ni suala la mtindo ataandika "jumla = 0;" chini ya tamko la kwanza, na programu yake itakataliwa.

Kiswahili hutatua shida ya namna hii kwa upatanisho. "Kikapu cha mayai kikubwa" na "kikapu cha mayai makubwa" havitatanishi, maana kiambishi chatuambia kivumishi ni cha nani. Mabano ya Java hayana kiambishi. Mahali pake ndipo maana yake.

Matoleo ya baadaye yameshauri namna hizo mbili zisichanganywe katika tamko moja. Ushauri huo ni mwema, lakini haugusi kiini. Ikiwa safu ni aina, basi alama yake ni haki ya aina. Namna ya pili ni urithi wa lugha ya C. Istahili kutajwa kama urithi, isifundishwe kama sawa na ya kwanza.

Wanafunzi wetu hujifunza taaluma hii kwa Kifaransa, ambamo safu huitwa "tableau", jina lile lile la ubao wa darasani. Tayari wana mzigo wa lugha. Atakayeandika mwongozo wa Java kwa Kiswahili asiunakili ukarimu wa kitabu hiki: aweke kanuni moja kwanza, na mbadala wake baadaye, pamoja na sababu.