Flatland: Riwaya ya Maumbo na Mipaka ya Lugha

Riwaya ya Edwin A. Abbott, Flatland, iliyotolewa London mwaka 1884, aghalabu huainishwa kuwa fumbo la hisabati. Uainishaji huo unaipunja. Wahusika wake ni maumbo bapa: mwenye pande nyingi ndiye mwenye hadhi, makuhani ni duara, wanawake ni mistari mitupu. Hiyo ni tashtiti ya matabaka ya Uingereza.

Hata hivyo, kiini chake kimo katika lugha. Tufe anapomzuru Mraba, kikwazo si hesabu bali neno "juu", lisilo na maana katika nchi isiyojua kimo. Msomaji wa Uriri atalitambua hilo upesi: katika Kijaluo "piny" ni chini, na pia ni dunia, lakini yeye analo "malo" la kulikabili. Mraba hana.

Wahusika hawana undani mkubwa. Lakini Mraba anapouliza kuhusu kipimo cha nne, Tufe, aliyekuja kufundisha, anaghadhibika. Hapo hisabati inageuka fasihi: mwalimu naye ana ukuta wake.

Mfasiri wa Kiswahili asihangaishwe na istilahi za maumbo, kwani zipo. Kazi yake ni kulifanya neno "juu" liwe geni.