Sauti Imemeza Mikono: Uhakiki wa Namna Tunavyomkumbuka Freddie Mercury

Ukimuuliza mwanafunzi wa fasihi anahakiki nini, atakujibu mbio mbio: riwaya, tamthilia, ushairi. Siku akiwa mkarimu ataongeza vitendawili. Lakini upo utanzu mmoja ambao sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunausikiliza mara nyingi kuliko mashairi, tumekaa kwenye mikeka au tumesimama chini ya turubai, na ni nadra kuona mtu akiuhakiki. Nao ni wasifu wa marehemu. Muundo wake tunaujua kwa kichwa: marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akaanza kusumbuliwa na afya, akahangaishwa hospitali hii na ile, mpaka mauti yalipomfika. Ameacha mjane na watoto kadhaa. Kwisha. Huu ni utanzu wenye kanuni kali pengine kuliko utenzi, na kama tanzu zote, una mambo unayoyaona na mambo unayoyafumbia macho.

Makala haya yanakusudia kuupima utanzu huo kwa kumtumia marehemu mmoja anayekumbukwa dunia nzima: Freddie Mercury wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza. Najua wapo watakaoguna, "Huyo Mzungu na sisi wapi na wapi?" Ndugu msomaji, si Mzungu. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Familia yake iliondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba katika kumkumbuka mtu huyu, sauti imemeza mikono. Muulize mpenzi yeyote wa Queen, atakuambia habari za koo lile, masharubu yale, ile nusu ya mhimili wa maikrofoni aliyoizungusha jukwaani. Kinanda hakitajwi. Jamani, katika bendi ile ya watu wanne, Brian May alishika gitaa, John Deacon besi, Roger Taylor ngoma, na piano ya jukwaani ilikuwa ya Mercury. Killer Queen wa 1974, Bohemian Rhapsody wa 1975, Somebody to Love wa 1976, We Are the Champions wa 1977: zote alizitunga yeye na zote piano kapiga yeye. Tena shuleni Panchgani, India, alikopelekwa na wazazi wake akiwa mdogo, katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics, yeye alikuwa mpiga piano. Mwimbaji kiongozi alikuwa mwingine. Kwa hiyo mikono ilitangulia, sauti ikafuata.

Kwa nini jambo hili limhusu mhakiki? Kwa sababu linagusa fani. Mwanzoni mwa Bohemian Rhapsody mkono wa kushoto wa mpigaji unavuka juu ya mkono wa kulia ili uguse noti za juu, halafu unarudi kwake. Anayesikiliza kanda tu hawezi kulijua hilo. Anayetazama mikono analiona. Huo ni uamuzi wa msanii, sawa kabisa na mshairi anapoamua vina vya kati viwe hivi na si vile. Tukisema tu kwamba "alikuwa na kipaji cha ajabu", tumesifu lakini hatujahakiki. Kipaji ni neno la mtu aliyechoka kutazama.

Kwaya zetu zinalijua hili kuliko sisi wasomi. Nenda kanisa lolote la Kilutheri hapa Iringa au la Moravian kule Mbeya. Kwaya ikifiwa na mpiga kinanda, pengo lake halijazwi kwa hotuba. Linajulikana Jumapili ile wimbo unapoanzishwa na hakuna wa kuupokea, au yupo kijana mgeni anayepapasa ufunguo. Hapo kila mtu anajua marehemu alikuwa akifanya nini. Na tukirudi nyuma zaidi, Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1957 juu ya matambiko ya Wanyakyusa, alieleza mazishi ya Rungwe ambamo watu walicheza ngoma, si kulia tu. Huzuni ilipita miguuni vilevile. Mimi nasema mpenzi wa Queen anayejifunza kuvusha mkono wake wa kushoto kama Mercury anaomboleza kwa namna hiyo ya wazee, hata kama hajui Rungwe iko wapi.

Hoja ya pili ni ya umiliki. Huyu marehemu ni wa nani? Mwaka 2006, alipokuwa angetimiza miaka 60, sherehe iliyopangwa kufanyika Zanzibar ilipingwa na kikundi cha Uamsho, kwa madai kwamba maisha yake hayakuwa na maadili ya visiwani, na sherehe ikafutwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake likafunguliwa Mji Mkongwe. Upande mmoja ulisema si wetu, upande mwingine ukasema ni wetu na kiingilio ni kiasi fulani. Pande zote mbili zilijadili mtu. Muziki haukupata nafasi ya kuongea. Na muziki wenyewe ulikuwa na la kusema, maana ndani ya Bohemian Rhapsody kuna neno moja la Kiarabu ambalo mtoto wa Unguja hulitamka kabla hajaanza kula. Mhakiki mwenye masikio angeanzia hapo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo inatuhusu sisi wa huku moja kwa moja. Mercury alikufa kwa UKIMWI. Alilitangaza tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafa. Filamu ya 2018 iliyobeba jina la wimbo wake inamwonyesha akiwaambia wenzake habari za ugonjwa kabla ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, lile la kuchangia njaa ya Ethiopia. Lakini kwa maelezo ya waliokuwa karibu naye, aligunduliwa mwaka 1987. Kwani watengeneza filamu hawakujua kalenda? Walijua. Walitaka kila noti anayopiga pale Wembley isikike kama noti ya mtu anayekufa. Hapo ugonjwa umefanywa kuwa mtunzi wa kazi ya msanii. Mimi naliona hilo kuwa kosa la kimaudhui: wasifu wetu huuficha ugonjwa, filamu ile imeupa ugonjwa usukani. Njia zote mbili zinamnyang'anya marehemu kazi yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2007-08 ulikuta maambukizi ya VVU Iringa, wakati huo ikiwa pamoja na Njombe, ni asilimia 15.7 ya watu wazima wa miaka 15 hadi 49. Mbeya asilimia 9.2, taifa zima asilimia 5.7. Yaani sisi tuliomo madarasani leo tumelelewa na waliobaki. Na bado wasifu ulisema "homa", "kifua", "kuugua kwa muda mrefu". Wasanii walithubutu mapema kuliko wasoma wasifu. Philly Lutaaya wa Uganda alijitangaza mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani akiimba na kusema, akafa Desemba mwaka huohuo. Remmy Ongala alitoa Mambo kwa Soksi mwaka 1990, na Radio Tanzania haikuupiga. Riwaya zikafuata baadaye: Ua la Faraja ya William Mkufya ni ya 2004.

Wapo watakaonipinga: eti mgonjwa ana haki ya siri yake. Nakubali. Mercury mwenyewe alinyamaza mpaka siku ya mwisho, na mahali majivu yake yalipowekwa hapajatangazwa hadi leo. Lakini tutofautishe. Ukimya wa marehemu ni mali yake. Ukimya wa sisi tunaobaki ni kitu kingine. Mara nyingi tunajisitiri wenyewe tukisema tunamsitiri yeye. Wenzake wa Queen walitambua tofauti hiyo: mwaka 1992 walifanya tamasha la kumbukumbu Wembley, kisha wakaanzisha Mercury Phoenix Trust, mfuko wa kupambana na UKIMWI duniani. Hawakufukua siri zake, wala hawakujifanya hakuna kilichotokea.

Basi wasifu mzuri uweje? Napendekeza kanuni moja tu ya fani: kabla ya kutaja alikufaje, taja mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Alikuwa fundi cherehani? Sema mshono wake ulijulikanaje. Alipiga kinanda? Sema alianzaje wimbo. Halafu ugonjwa, ukitajwa, utajwe kwa jina lake na kwa ufupi, kama sentensi moja kati ya nyingi.

Septemba 2023 piano ya nyumbani kwa Mercury, Yamaha aliyoinunua mwaka 1975, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya paundi milioni 1.7. Aliyeinunua amepata mbao, nyaya na funguo. Mikono haikuwa mnadani. Hiyo imebaki kwetu sisi tunaosikiliza, na hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Naomba kutoa hoja.