Istilahi "Maendeleo Endelevu" Mbele ya Mkulima wa Kamanyola

Tangu Umoja wa Mataifa upitishe, Septemba 2015, malengo 17 ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030, istilahi *maendeleo endelevu* imekita mizizi katika Kiswahili sanifu. Hoja yetu ni kwamba imekita kabla ya kukaguliwa.

Kimofolojia haina dosari. *Tulia* hutupa *-tulivu*, *sikia* hutupa *-sikivu*. Basi *endelea* ikazaa *-endelevu*. Vivumishi vya aina hii hutaja tabia ya mtenda: kilicho endelevu ni chenye mazoea ya kuendelea. Watetezi watasema neno la kwanza limechukua maana ya kusonga mbele, la pili ya kutokoma, kwa hiyo hakuna urudufu. Na tukubali. Lakini kutokoma kwa kitu gani? Vita vilivyozuka Kivu mwaka 1996, vikarudi tena na tena, vina sifa hiyo kuliko jambo lolote jingine.

Tuipime istilahi hii Kamanyola, kwenye barabara ya Bukavu–Uvira, pale Kongo, Rwanda na Burundi zinapokaribiana mtoni Ruzizi. Lengo la 7 ni nishati kwa wote: Ruzizi II ilikamilika mwaka 1989 kwa ushirika wa nchi hizo tatu, ilhali Ruzizi III imekaa katika mipango miaka mingi. Lengo la 16 ni amani: Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Kamanyola. Lengo la 2 ni kukomesha njaa, na hili ni bonde la mpunga, mahindi na mihogo. Mkulima aliyekimbia na mbegu zake kichwani, siku ya tatu huzipika.

Hapo ndipo ilipo dhana yenyewe, kama ilivyoelezwa mwaka 1987 na tume ya Gro Harlem Brundtland: kutumia leo bila kuwapokonya wajao. Istilahi yetu haina hata dokezo la wajao hao. Kifaransa, lugha ya shule na ofisi za Uvira, kilichagua neno lenye maana ya kudumu. Kudumu nako kunaweza kuwa kwa shari (nani asiyejua?), ila angalau humfanya msikilizaji aulize kitakachobaki.

Kuifuta istilahi sasa haiwezekani. Imekwisha kuingia magazetini na mashuleni. Lakini mfasiri anayepeleka nyaraka hizi Kamanyola atafanya vyema kusema *maendeleo ya kudumu*, kisha afafanue kwa mfano wa mbegu. Asipofanya hivyo, ataulizwa ni nini hasa kinachoendelea.