Insha ya Tabibu wa Hoxton

Mwaka 1817 James Parkinson, tabibu wa mtaa wa Hoxton mjini London, alichapisha kijitabu kidogo juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Baadaye, katika karne hiyohiyo, Charcot wa Paris aliyapa maradhi hayo jina la Parkinson mwenyewe. Nimekisoma kijitabu hicho mara mbili, nami nina haki ya kukihakiki ambayo nisingeiomba: huu ni mwaka wa nne maradhi hayo ninayo.

Kwanza nimpe sifa zake. Alikuwa na wagonjwa sita tu. Wawili alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali. Kwa macho yake matupu aliona mkono utetemekao hata ukiwa umepumzika, mgongo uinamao, na miguu ikimbiliayo mbele bila hiari ya mwenyewe. Ningekuwa bado nasahihisha taarifa za wanachuo wangu waliotoka mazoezi ya kufundisha, ningewasomea kurasa hizo wajue kutazama ni nini. Habari za tiba yake, kutoa damu shingoni, tuziache.

Ugomvi wangu naye uko mahali pamoja. Anagusia kwamba mgonjwa akifika hatua fulani hawezi tena kutembea bila kuweka fikira nyingi miguuni. Hapo alikwisha kushika ufunguo mkononi! Lakini anaupita upesi, kwa sababu tangu mwanzo ameamua kwamba akili haidhuriki. Amemgawa mtu mapande mawili, na maradhi yenyewe yako pale mapande hayo yanapoungana.

Msomaji aliyepata kufundisha atanielewa. Mwanachuo anayeanza hawezi kuandika ubaoni huku anaeleza somo. Akieleza, chaki inasimama. Baada ya miaka michache mkono unaandika wenyewe, na akili inabaki huru kuwatazama watoto. Sehemu za ndani ya ubongo zinazotunza mazoea ya namna hiyo huhitaji kemikali iitwayo dopamini, na seli zinazoitengeneza ndizo zinazokufa katika maradhi haya. Basi mgonjwa anarudi kuwa mwanagenzi wa kutembea. Kila hatua anaiamuru. Mpe kikombe cha chai abebe, au muulize hesabu, hatua zinafupika; pengine nyayo zinaganda chini kabisa. Na kwa wengi wetu ule uwezo wa kugawa fikira, ambao Parkinson aliudhani mzima, nao hupungua.

Kwetu salamu peke yake ni kazi. Kijana ananiamkia shikamoo, namwitikia marahaba, kisha anauliza za nyumbani, za shamba, za wajukuu, na wakati wote huo tunakwenda. Mimi hunibidi nisimame, maana miguu na majibu haviendi pamoja. Nikichagua kutembea nisijibu, nasikia kwamba Mwalimu siku hizi anajivuna. Adha hiyo mkono unaotetemeka hauisimulii. Jina alilochagua Parkinson limewafanya watu wautazame mkono tu, na wako wagonjwa wasiotetemeka kamwe. Jirani akiuona wangu umetulia, hunipongeza kwa kupona.

Kwa muda mrefu tulishauriwa tufanye jambo moja moja. Ushauri una maana, ila utafiti wa Ubelgiji na Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwazoeza wagonjwa kutembea huku wakifanya kazi ya akili. Mwendo wao ukawa bora, wala hawakuonekana kuzidi kuanguka.

Yule mgonjwa aliyeonekana kwa mbali ndiye ninayemrudia zaidi. Mtumishi wake alimshika mabega, naye bwana akayumba polepole mpaka akasimama sawasawa. Likatolewa neno la kuanza, bwana akatoka mbio hatua kama ishirini, na mtumishi akikimbia mbele yake apate kumdaka. Mtumishi huyo alijua mengi. Natamani Parkinson angevuka barabara akamwuliza kama walipokuwa wakikimbia alimsemesha bwana wake, au alinyamaza.