Nani anashika fimbo? Maneno juu ya picha «Colonie Belge»

Wakristu wengi wa Lubumbashi waliijua picha hii mbele ya kujua jina la mchoraji wake. Inaitwa «Colonie Belge, 1885-1959». Katika miaka ya 1970 ilitundikwa katika saloni za watu wa kazi, pamoja na picha ya Mamba Muntu na ile ya Lumumba. Mfungwa amelazwa chini. Askari mweusi ameinua fimbo. Bwana Mbeleji amesimama pembeni, kiko mdomoni, anatazama. Wafungwa wengine, wenye nguo za mistari, wanatumika, wanawake wanalia, bendera ya rangi tatu iko juu ya wote. Tumeona vema kuandika maneno machache juu yake, sababu wanaseminari wetu hujifunza picha za Ulaya katika vitabu, lakini hii ya kwao wanaipita ukutani bila kuitazama.

Wachoraji wengi waliichora. Aliyejulikana kupita wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, jamaa yake Waluba wa Kasai. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu hapa kwetu, historia nzima ya nchi kwa picha 101, akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha mji wetu. Fabian alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba hakutaka kuitwa mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilipotea.

Je, jina hilo la mwanahistoria linamfaa? Mtu wa vitabu atasema hapana. Toka 1885 hata 1908 nchi haikuwa mali ya Ubeleji, ilikuwa ya mfalme Leopold II peke yake. Koloni la Wabeleji lilianza nyuma ya hapo. Picha inafunga nyakati mbili katika kamba moja. Hilo ni kosa la tarehe, nasi tunalisema wazi. Lakini tumtazame aliyelala chini. Siku karatasi zilipobadilishwa kule Bruxelles, mgongo wake ulibadilika namna gani? Fimbo ilibaki fimbo. Tshibumba alihesabu miaka kwa upande wa anayepigwa, na hesabu hiyo nayo ina kweli yake.

Kuna kweli nyingine inayofichwa katika mapangilio ya picha. Bwana hagusi mtu. Hana hasira, hapigi kelele. Anavuta tumbako yake. Wengi wanafikiri ubaguzi ni chuki ya moyo wa mtu mbaya. Hapa mchoraji anatufundisha vizuri kupita hotuba nyingi: ubaguzi ulikuwa mpango, na mpango unaweza kuendeshwa na mtu mtulivu. Mji wetu wenyewe ulijengwa hivyo. Ulianzishwa mwaka 1910, na kati ya mji wa Wazungu na cité ya weusi waliacha uwanja mtupu, walioutaja «zone neutre», wakisema ni juu ya magonjwa. Hakuna aliyepashwa kupiga kelele kila asubuhi. Udongo wenyewe ulisema nani akae wapi. Hata leo, anayetoka katikati ya mji kwenda Kamalondo na Kenya anaweza kuona kwa macho kwamba barabara na maji havikugawanywa sawasawa.

Sasa tufike kwa askari, sababu hapo ndipo watazamaji wengi wanakimbia. Siku moja tulikwenda kubariki nyumba ya mzee mmoja kule Katuba. Picha ilikuwa ukutani, rangi zimefifia. Tukamwuliza: «Mzee, katika picha hii nani anapiga?» Akajibu upesi: «Padri, ni Mzungu.» Tukakaribia pamoja. Akavaa miwani, akatazama mkono ulioshika fimbo, akanyamaza. Kisha akasema polepole: «Anayepiga ni wetu.» Alikuwa na picha ile miaka zaidi ya 40.

Kosa hilo si la mchoraji. Yeye aliweka fimbo mahali pa kweli. Tarehe 9 Desemba 1941, watumikaji wa Union Minière waliokuwa katika mgomo walikusanyika uwanjani hapa Elisabethville kudai mshahara, wakapigwa risasi, wengi wakafa. Amri ilikuwa ya Wazungu. Bunduki zilikuwa mikononi mwa askari weusi. Tshibumba aliichora siku ile pia.

Hatusemi hivi kwa kupunguza kosa la wakoloni. Aliyeamuru anajibu juu ya amri yake. Tunasema kusudi tusijidanganye juu yetu. Bwana wa kiko alikwenda zake mwaka 1960, lakini fimbo ilibaki. Union Minière na reli ziliita watu wa Kasai kuja kutumika Katanga; walizaa hapa, walizika hapa. Hata hivyo mwaka 1992 na 1993, jimbo likiitwa bado Shaba, Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Jamaa nzima zilikaa vituoni zikingoja gari la moshi, na watoto wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Hakukuwa na Mzungu pembeni mwenye kutazama. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamebatizwa kwa maji mamoja, na wengi walipokea Komunyo kwenye meza moja Dominika iliyotangulia. Yule aliyetupa picha ya mateso yetu sisi sote alikuwa Mkasai wa Lubumbashi. Kwa maneno ya miaka ile, angeitwa mgeni katika mji aliozaliwa.

Sisi mapadri tusijifiche. Katika picha ile ya Katuba padri haonekani. Tusifurahi upesi: haonekani kati ya wenye kupiga, lakini haonekani pia kati ya wenye kulia. Mgr Jean-Félix de Hemptinne aliongoza Eklezia ya Katanga toka 1910 hata kufa kwake mwaka 1958, na watu waliona serikali, Kompani na misioni kama mafiga matatu ya chungu kimoja. Misioni ilijenga shule na hospitali. Mwandishi wa mistari hii ni mtoto wa shule hizo. Lakini shukrani isitufunge mdomo.

Kuna jambo moja ambalo tunamlaumu mchoraji: wanawake wake wanajua kulia tu. Mama zetu walilima, waliuza, walipeleka chakula gerezani, walisomesha watoto. Kuwapa machozi peke yake ni kuwaondolea kazi yao katika historia. Tena tunasikitika kwamba zile picha 101 ziko mbali, katika makumbusho ya Amsterdam, na watoto wa Kenya na Ruashi hawazioni.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, picha za namna hii huitwa «ukumbusho». Neno hilo sisi tunalitumia kila siku altareni. Kuna ukumbusho unaolinda kidonda kusudi mwenyewe apate sababu ya kupiga mwingine kesho. Na kuna ukumbusho unaokusanya watu mezani, kila mmoja akikiri kosa lake mbele ya kunyosha mkono kupokea. Picha «Colonie Belge» inaweza kutumika kwa namna zote mbili. Haichagui, anayechagua ni mwenye nyumba.

Basi, ndugu mwanaseminari, ukitumwa kesho parokiani, usiulize katika jumuiya ndogo ya mtaa nani alitupiga tu. Kila mtu analijua jibu hilo. Uliza pia leo nani ananyimwa kiti, nani anaitwa mgeni, na fimbo iko mkononi mwa nani. Mzee wa Katuba hakuondoa picha yake. Aliisogeza karibu na dirisha, kusudi mkono ule uonekane vizuri.