Hesabu Mezani: Kejeli ya Jonathan Swift kuhusu Umaskini

Mwaka 1729 kilichapishwa mjini Dublin kijitabu kisicho na jina la mwandishi, ambacho leo kinajulikana kama A Modest Proposal. Msemaji wake ni mtu mpole anayewahurumia maskini wa Ireland. Dawa yake ni hii: watoto wao wauzwe wakitimiza mwaka mmoja, waliwe na matajiri. Mwandishi alikuwa Jonathan Swift, kiongozi wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini humo.

Ni rahisi kusema kwamba Swift ametumia chuku, tukaishia hapo. Mimi naona nguvu ya kejeli hii imo katika hesabu zake. Watoto ni 120,000. 20,000 wabakizwe kwa ajili ya uzazi, 100,000 wauzwe. Kumlea mmoja kwa mwaka ni shilingi 2, bei yake shilingi 10, mama apate faida ya shilingi 8. Hakuna tusi wala kelele. Ni lugha ya wakubwa wanaomwona maskini kama mzigo wa kupunguzwa, ila Swift ameifikisha mwisho wake. Msomaji aliyekuwa akiitikia hesabu hizo anashtukia ameshaketi mezani.

Msemaji anaongeza kuwa nyama hiyo inawafaa hasa wenye ardhi, kwa kuwa wazazi wa watoto hao wamekwisha kuwala. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa. Tunasema mtu "amekula" fedha za umma, na hakuna anayemfikiria mla ugali.

Karibu na mwisho, msemaji anataja njia nyingine: kuwatoza kodi wenye ardhi wanaoishi ng'ambo, kununua bidhaa za nyumbani, kuwafunza wenye ardhi kuwahurumia wapangaji wao. Anazikataa zote. Katika orodha hiyo inayokataliwa ndimo yalimo mapendekezo ya kweli ya Swift.

Hata hivyo, maskini wenyewe hawasikiki. Mama anahesabiwa, hasemi neno. Mtu anaweza kujibu kuwa ukimya huo ni sehemu ya shtaka, nami nakubali kwa kiasi. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kejeli inayowahutubia walioshiba yaweza kuwaaibisha, na mwenye njaa akabaki tarakimu. Kwa hiyo, tunapohakiki kejeli ya umaskini, haitoshi kuitaja kama mbinu. Tuulize pia ni nani anayepewa nafasi ya kusema.