Ujiji Bila Baraza
Ukifika kwenye makumbusho ya Livingstone pale Ujiji utaoneshwa mwembe, mnara wa ukumbusho, na sanamu za Wazungu wawili wakivuliana kofia. Makumbusho yamehifadhi salamu, yakaiacha nyumba. Kumbe Stanley mwenyewe aliandika kwamba, baada ya salamu ile ya mwaka 1871, walikwenda kuketi barazani kwa Livingstone, kwenye jukwaa la udongo chini ya upenu mpana, na hapo ndipo walipozungumza.

Nyumba za miti na udongo bado zipo mitaani Ujiji, nazo zinastahili jicho la mhakiki. Nguzo huchimbiwa ardhini, fito hufungwa kwa kamba ndani na nje, udongo hushindiliwa katikati, kisha ukuta hukandikwa. Usidhani udongo ndio unaobeba paa. Paa limelalia miti: makombamoyo juu ya mtambaapanya, mtambaapanya juu ya nguzo. Mvua ikila ukuta, unakandika upya. Wa kuogopwa ni mchwa. Upenu hutokezwa ili kuukinga ukuta, na kivuli chake ndicho baraza lenyewe (msanifu wa leo angekutoza kwa wazo hilo). Ukiezeka bati fupi, umepoteza vyote viwili.

Kwihara, karibu na Tabora, tembe walimokaa Livingstone na Stanley lilijengwa upya. Ujiji nayo ijengewe nyumba moja, na mafundi wa hapohapo, upande mmoja uachwe bila kukandikwa ili fito zionekane.